George Sand: Mama aliyefuata jua Majorca akakumbana na mvua na chuki

MNAMO Novemba 8, 1838, meli ya mvuke iliyoitwa El Mallorquín iliwasili katika bandari ya Palma, mji mkuu wa kisiwa cha Majorca kilichoko Bahari ya Mediterania. Miongoni mwa abiria walioshuka ni mwanamke Mfaransa wa miaka 34, mwanawe Maurice aliyekuwa na miaka 15, binti yake Solange wa miaka 10, mtumishi wao wa kike, na kijana mmoja mwembamba aliyesumbuliwa na kikohozi.

Mwanamke huyo alikuwa George Sand, mwandishi wa riwaya aliyesomwa kote Ulaya. Kijana aliyekohoa alikuwa Frédéric Chopin, mtunzi wa muziki kutoka Poland.

Jina la George Sand lilikuwa la kubuni. Alizaliwa jijini Paris mwaka 1804 akaitwa Aurore Dupin, akalelewa na nyanyake katika kijiji cha Nohant baada ya babake kufariki. Aliolewa mwaka 1822, ndoa ikamshinda, naye akaamua kuishi kwa kalamu yake. Riwaya yake Indiana, iliyotoka mwaka 1832, ilimpatia umaarufu. Alivuta sigara hadharani na mara nyingine akavaa suruali, mambo yaliyowatia watu wa enzi yake kiwewe kuliko hata vitabu vyake.

Safari ya Majorca ilikuwa ya kutafuta afya. Maurice alikuwa akiugua baridi yabisi, naye Chopin kifua kilimsumbua. Sand aliamini kwamba majira ya baridi katika kisiwa chenye jua yangewaponya wote wawili, tena mbali na umbeya wa Paris, kwa kuwa yeye na Chopin walikuwa wapenzi bila kufunga ndoa.

Matatizo yalianza siku za kwanza tu. Uhispania ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1833, na wakimbizi kutoka bara walikuwa wamejaa Palma. Hapakuwa na hoteli ya maana. Hatimaye familia ilikodi nyumba mashambani, karibu na kijiji cha Establiments. Kwa majuma machache mambo yalikuwa shwari. Palikuwa na michungwa na mitende, na jua liliwaka kana kwamba Ulaya haikujua baridi.

Kisha mvua ikanyesha. Nyumba ile haikuwa na dohani, kwa hivyo walipasha vyumba joto kwa majiko ya makaa, na moshi wake ukamzidishia Chopin kikohozi. Madaktari watatu waliitwa. Habari zikaenea upesi kwamba mgeni ana kifua kikuu. Mwenye nyumba akawataka wahame, tena walipe gharama ya kupaka kuta chokaa upya na ya matandiko ambayo yalipaswa kuchomwa. Mamlaka za Uhispania zilichukulia kifua kikuu kuwa maradhi ya kuambukiza. Madaktari wengi wa Ufaransa waliamini si ya kuambukiza, na Sand alikuwa upande wao. Aliona huo ni ukatili mtupu.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huko Majorca wenyeji waliona mgeni amewaletea ugonjwa.

Baada ya kuhifadhiwa siku chache na balozi mdogo wa Ufaransa, mnamo Desemba 15 familia ilipanda milima hadi Valldemossa. Humo mlikuwa na monasteri kubwa ambayo serikali ilikuwa imewaondoa watawa wake mwaka 1835 na sasa vyumba vyake vilikodishwa. Walipata vyumba vitatu vyenye bustani ndogo, na ng'ambo yake bonde likiteremka kuelekea baharini.

Mtu angedhani mwandishi mashuhuri aliketi tu akitazama mandhari. La. Mchana Sand aliwafundisha watoto wake kwa saa nyingi, akasaidia kupika na kumuuguza Chopin. Usiku, wengine wakilala, aliandika riwaya yake Spiridion, kwani fedha za kuendesha maisha zilitoka katika kalamu hiyo. Wanakijiji, walioona familia hiyo haiendi kanisani, waliwauzia chakula kwa bei ya juu. Sand akanunua mbuzi ili mgonjwa apate maziwa.

Siku moja yeye na Maurice walikwenda Palma kununua mahitaji. Mafuriko yaliwakamata njiani, mwenye gari akawaacha, wakafika monasterini usiku wa manane. Sand alisimulia baadaye kwamba walimkuta Chopin mbele ya piano akilia, akiamini wamekufa.

Piano aliyoagiza kutoka kwa Pleyel, fundi wa Paris, ilikwama forodhani kwa sababu ya ushuru mkubwa, ikafika mwezi Januari. Hadi wakati huo alitumia kinanda duni cha kisiwani. Hata hivyo, ni huko Valldemossa alikokamilisha vipande 24 vinavyojulikana kama Preludes, ambavyo vingali vinapigwa duniani kote.

Waliondoka Februari 13, 1839. Hakuna aliyetaka kumwazima mgonjwa gari zuri, hivyo aliteremka mlimani kwa mkokoteni usio na springi, akaanza kutapika damu. Meli ile ile ya El Mallorquín ilikuwa imebeba nguruwe, na nahodha akampa Chopin kitanda kibovu kuliko vyote kwa kuwa kingechomwa baadaye. Daktari wa manowari ya Ufaransa iliyokuwa Barcelona ndiye aliyeizuia damu.

Mwaka 1841 Sand alichapisha simulizi ya safari hiyo, ambayo mwaka uliofuata ilitoka kama kitabu, Un hiver à Majorque. Anakisifu kisiwa na kuwatukana watu wake bila haya. Kwa maoni yangu, hapo aliwadhulumu. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kuwa kifua kikuu husababishwa na bakteria, na kwamba huambukiza. Wakulima wale walikosa huruma, lakini hofu yao ilikuwa na msingi kuliko elimu ya Paris. Mama huyo aliwalaza wanawe miezi mitatu jirani na mgonjwa bila kujua hatari yake.

Sand hakuyasikia hayo, kwani alifariki Nohant mwaka 1876. Chopin, ambaye waliachana mwaka 1847 kwa ugomvi uliohusu ndoa ya Solange, alifariki mwaka 1849 akiwa na umri wa miaka 39. Wanasayansi walioutazama moyo wake, uliohifadhiwa Warsaw, walieleza mwaka 2017 kwamba huenda kifua kikuu ndicho kilichomuua. Maurice aliishi hadi 1889, na Solange hadi 1899.

Piano ya Pleyel iliuzwa kisiwani walipoondoka. Ingali Valldemossa, na watalii hulipa kiingilio kuitazama.