Elijah Masinde na Wale Waliomfuata

Wapendwa, huku Bungoma na Kitale nani hamjui Elijah Masinde wa Kimilili? Alikuwa mchezaji mpira hodari, tena mtu wa kanisa la Friends. Alipooa mke wa pili, kanisa likamtoa. Hakurudi kutengeneza. Akaanzisha Dini ya Msambwa, na watu wengi wakamfuata.

Kilio chake juu ya ardhi kilikuwa cha haki. Lakini tarehe 10 Februari 1948, pale Malakisi, polisi wa mkoloni walipiga risasi umati wa wafuasi wake. Watu 11 wakafa, na Masinde hakuwa mmoja wao. Damu ile iko juu ya waliopiga risasi. Hata hivyo, waliolipa ni wafuasi. Dini nzima ikapigwa marufuku. Yeye akapelekwa Lamu, akarudi 1961, akafariki 1987.

Akani naye aliiba peke yake, lakini kule Ai walianguka watu 36. Shemasi, mwekahazina, kiongozi wa kwaya: nyuma yako kuna watu. Ukikosea, tengeneza leo, kabla wengine hawajalipa deni lako.