John Allen: fundi aliyezichafua treni zake ili zifanane na za kweli

Wasikilizaji wetu wa Lupingu na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa, tunajua ninyi ni watu wa mitumbwi na meli, si wa reli. Anayetaka kuona treni apande mlima hadi Ludewa, apite Njombe, afike Makambako kwenye stesheni ya TAZARA. Hata hivyo, ujumbe uliotufanya tuandike makala hii ulitoka Lupingu.

Mama mmoja alituandikia kwamba mwanawe alitengeneza kichwa cha treni kwa makopo na waya. Kilipendeza, akakiweka juu ya kabati. Siku ya pili akakuta mtoto amekipaka masizi ya sufuria kwa juu na udongo mwekundu kwenye magurudumu. Mama alikasirika, na mtoto akajitetea kwamba treni aliyoiona Makambako ilikuwa hivyo. Mama akatuuliza kama mtoto ana kipaji au ana utundu tu.

Tulimjibu hewani kwa kifupi, na tukaahidi kuandika zaidi. Ahadi ni deni. Leo tunawasimulia maisha ya Mmarekani aliyefanya kile alichofanya mtoto huyo, akajulikana kwacho duniani. Jina lake John Whitby Allen.

Utoto na ugonjwa wa moyo

John Allen alizaliwa tarehe 2 Julai 1913 katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri. Wakati huo hapa kwetu Wajerumani walikuwa wanakaribia kukamilisha Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Treni nyingi, zao na zetu, zilivutwa kwa nguvu ya mvuke.

Angali mdogo alipata homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huu huanzia kooni. Mtoto hupata maambukizi ya koo, nayo yasipotibiwa, mwili unaweza kuanza kushambulia viungo vyake wenyewe, ukiwemo moyo. Homa hupita, lakini milango ya moyo inaweza kubaki na kovu maisha yote. Enzi za utoto wa Allen penisilini ilikuwa haijaanza kutumika kutibu watu. Leo ipo, lakini ugonjwa huu bado unaharibu mioyo ya watoto wengi Afrika. Mtoto akilalamika koo linamuuma na ana homa, usimwache na maji ya chumvi peke yake. Mpeleke kituo cha afya.

Basi Allen akakua akijua moyo wake si mzima. Kazi za nguvu hazikumfaa. Akajifunza kupiga picha na akaifanya kuwa kazi yake katika jiji la Los Angeles. Mpiga picha mzuri ni mtu wa kutazama. Anaona mwanga unaangukia wapi, kivuli kinalala upande gani, na ukuta wa zamani unatofautianaje na ukuta mpya. Jicho hilo ndilo lililomtofautisha na wenzake baadaye.

Treni ndogo kuliko kiganja

Mwaka 1946, akiwa na miaka thelathini na kitu, Allen alikuwa amehamia Monterey, mji wa pwani ya California. Huko akaanza kujenga reli ya mfano.

Tueleze maana yake. Reli ya mfano ni reli kamili iliyopunguzwa ukubwa, ina vichwa vya treni, mabehewa, stesheni, madaraja, mahandaki na milima. Treni zinakwenda kwa umeme mdogo unaopita kwenye reli zenyewe. Kipimo alichokitumia Allen ni cha moja kwa 87, yaani kila kitu hugawanywa mara 87. Mtu mwenye urefu wa sentimita 174 anakuwa wa sentimita 2. Reli ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma ina upana wa milimita 1,435. Igawanye kwa 87, unapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli ya mezani kwa kipimo hicho. Kwa hesabu hiyohiyo, TAZARA yenye kilomita 1,860 ingekuwa na urefu wa kilomita 21 hivi.

Reli yake Allen aliipa jina la Gorre & Daphetid. Ni jina la utani. Ukilitamka haraka kwa Kiingereza linasikika kama maneno yenye maana ya aliyejaa damu na kushindwa. Alipenda mzaha, lakini kwenye kazi yenyewe hakufanya mzaha.

Kwa nini alizichafua

Miaka ya 1940 watu wengi waliojenga treni za mfano walizipenda ziking'aa kama sahani mpya. Rangi ilikuwa safi na kila behewa lilionekana kama limetoka kiwandani asubuhi hiyo. Allen alizitazama kwa jicho la mpiga picha akaona jambo moja. Treni iking'aa hivyo, mtazamaji anajua mara moja kwamba ni kitu cha kuchezea. Treni ya kweli imefanya kazi, na kazi huacha alama.

Akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuchakaza treni za mfano kwa makusudi, na kuifanya kazi hiyo kuwa ufundi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 aliandika makala nyingi kwenye magazeti ya wapenzi wa reli, akionyesha kwa picha alichokifanya. Kiwanda kimoja cha treni hizo, Varney, kilimtumia pia kupiga picha za matangazo yake.

Uchafu huo haupakwi ovyo. Kila doa lina sababu. Fikiria kichwa cha treni ya mvuke. Moshi hutoka kwenye bomba la juu, kwa hiyo masizi hulala mgongoni mwa tangi. Maji ya moto huvuja kwenye viungo na vali, nayo yakikauka huacha michirizi myeupe ya chokaa, kama ile ya ndani ya birika. Chini, magurudumu hurusha vumbi la kokoto, kwa hiyo rangi ya udongo huanzia kwenye magurudumu na kupanda, ikififia kadiri inavyokwenda juu. Vyuma vinavyosuguana vina grisi nyeusi. Nyuma, penye makaa, pana vumbi jeusi na mikwaruzo ya koleo. Na kwenye ngazi na vishikio, pale mikono na viatu vya dereva hupita kila siku, chuma kimesuguliwa hadi kinang'aa.

Mafundi wa kazi hii hutumia vitu vya kawaida. Rangi iliyozimuliwa sana hupakwa, kisha hufutwa kabla haijakauka, ili ibaki kwenye pembe na mifereji tu. Chaki husagwa ikawa unga, ikapakwa kwa brashi laini, ikawa vumbi. Kutu huwekwa kwa rangi ya kahawia na ya machungwa kidogokidogo. Wengi huharibu kwa kuzidisha. Anayejua huacha mapema.

Kabla ya uchafu kuna kazi ya vipande. Kichwa cha treni cha dukani mara nyingi kilikuwa na umbo la jumla tu. Allen aliongeza mabomba ya waya mwembamba, taa, kengele, ngazi na vishikio, na vingine alivitengeneza mwenyewe tangu mwanzo. Kipande kimoja kinaweza kuwa kidogo kuliko punje ya mchele.

Hapa Afrika Mashariki ukitaka kuona kitu cha kujifunzia kwa macho, kipo Nairobi. Katika jumba la makumbusho la reli kuna kichwa cha mvuke namba 5918 kinachoitwa Mount Gelai, jina la mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Kilijengwa Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, na urefu wake unazidi mita 31. Kwa kipimo cha Allen kingekuwa na sentimita 36 hivi, na mamia ya vipande vya kubandika.

Milima kutoka sakafuni hadi darini

Reli ya kwanza ya Allen ilikuwa ya kuenea mezani. Akajenga ya pili, na miaka ya 1950 akaanza ya tatu, iliyojaza chumba cha chini ya nyumba yake Monterey. Ile ndogo ya kwanza akaiingiza ndani ya hii kubwa.

Milima ilianzia sakafuni ikapanda hadi karibu na dari. Treni zilipita juu ya mabonde kwa madaraja marefu, na mtazamaji alisimama chini akainua macho kama mtu aliyesimama ufukweni Lupingu akitazama Milima ya Livingstone. Ili chumba kionekane kikubwa zaidi, alificha vioo mahali ambapo reli na mitaa ingeonekana kuendelea mbali. Nyumba na miti ya nyuma aliifanya midogo kuliko ya mbele, na jicho likadanganyika kwamba ipo mbali.

Ndani ya mandhari hiyo aliweka watu wadogo wakiwa katika shughuli zao, wengine katika vituko vya kuchekesha. Kulikuwa hata na mnyama. Kazi ya kupanga mabehewa, ambayo kwa kawaida hufanywa na kichwa kidogo cha treni, kwenye reli ya Allen ilifanywa wakati mwingine na mjusi mkubwa wa kale mwenye vibao mgongoni, aliyeitwa Emma na kupewa namba 13. Msishangae sana. Mifupa ya ndugu wa karibu wa mjusi huyo ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913.

Treni hizo hazikuzunguka tu. Marafiki walikuja jioni, kila mmoja akapewa treni yake, wakaziendesha kwa ratiba, wakipeleka na kuchukua mabehewa stesheni kwa stesheni. Allen alibuni pia mchezo wa kupanga mabehewa kwenye reli fupi yenye njia chache, ambapo mshindi ni anayemaliza kwa hatua chache na muda mfupi. Mchezo huo unaitwa Timesaver, na bado unachezwa.

Moyo, kisha moto

Kazi hii ilimchukua zaidi ya miaka ishirini. Kufikia mwishoni mwa 1972 reli ilikuwa inakaribia kukamilika. Lakini ule moyo ulioumizwa utotoni ulikuwa umevumilia vya kutosha. Tarehe 6 Januari 1973 John Allen alifariki kwa shambulio la moyo, akiwa na miaka 59.

Siku kumi baadaye moto ulizuka nyumbani kwake kwa bahati mbaya. Sehemu kubwa ya reli iliteketea: milima ya plasta, madaraja ya vijiti, na treni zilizochakazwa kwa brashi kwa miaka mingi. Marafiki waliokuwa bado wanaomboleza mtu wakawa na msiba wa pili.

Mtu anaweza kusema basi, kazi yote imepotea. Haikupotea yote. Allen alikuwa mpiga picha, na picha zake nyingi zilikuwa zimeshachapishwa. Mhariri Linn Westcott, aliyeifahamu vizuri kazi hiyo, aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1981, Westcott mwenyewe akiwa ameshafariki. Na jambo kubwa zaidi ni ule ufundi wenyewe. Leo kuchakaza treni za mfano ni jambo la kawaida kwa mafundi wa Ulaya, Marekani na Japani.

Jibu letu kwa mama wa Lupingu

Mama, mwanao hakuharibu. Alifanya safari moja hadi Makambako, akatazama kwa makini, akakumbuka masizi yako juu na udongo uko chini. Hakuyabadilisha. Wapo watu wazima wanaopita stesheni hiyo kila wiki wasioweza kukuambia hivyo.

Ushauri wetu ni mdogo. Mwache atazame tena. Meli ikitia nanga Lupingu, mwulize kutu imeanzia wapi na imeshuka kuelekea wapi. Mpe chaki iliyovunjika na brashi kuukuu. Akimaliza, mpige picha yeye na treni yake kwa simu, kisha umtumie ndugu aliye mbali ainakili picha hiyo. Makopo huoza, na nyumba huungua. Picha iliyotunzwa na watu wawili ina nafasi nzuri zaidi ya kubaki.

Na akilalamika koo, mama, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.