Pestalozzi na Hesabu za Sehemu

Johann Heinrich Pestalozzi alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1746. Shamba alilolifanya shule ya watoto maskini lilimfilisi. Mwaka 1799 alikabidhiwa mayatima wa vita mjini Stans, wapatao 80. Miezi mitano baadaye jengo lilitwaliwa kuwa hospitali ya askari.

Huko Burgdorf ndiko alikoitengeneza njia yake ya hesabu. Mtoto alianza na vitu vya kushika, kama kokoto, ndipo akaonyeshwa tarakimu. Kwa hesabu za sehemu zilichorwa miraba: mmoja mzima, wa pili umegawanywa mara mbili, wa tatu mara tatu, hadi kumi. Mtoto aliona kwa macho yake kwamba nusu ni sawa na robo mbili kabla ya kupewa kanuni. Sisi tunaofundisha darasa la tano twawajua wanaojumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, bila kushtuka.

Hata hivyo, majedwali yake yalirudiwa mno kwa sauti, hata yakaelekea kwenye kukariri kulekule alikokupinga. Hapo, naona, alijikwaa.

Shule yake ya Yverdon, iliyoanza mwaka 1805, ilivuta wageni wengi wa Ulaya. Ugomvi wa walimu wake ulichangia kuifunga mwaka 1825. Alifariki Brugg mwaka 1827.