Earle Seaton, Wakili wa Kesi ya Ardhi ya Wameru

Safari hii katika kijitabu cha harambee tumeamua kumkumbuka mtu ambaye hakuzaliwa kwetu wala hakuwa na kihamba chini ya mlima wetu. Jina la Mzee Kirilo Japhet wengi wetu tumelisikia tangu utotoni. Jina la wakili aliyesimama pamoja naye linatajwa mara chache, hasa na vijana waliokulia mijini, na sisi tunaona hilo ni deni.

Earle Seaton alizaliwa mwaka 1924 katika visiwa vya Bermuda, koloni la Uingereza kama nyingine nyingi za wakati ule. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard huko Marekani, kisha akasomea sheria London. Mke wake, Alberta, alikuwa Mmarekani mweusi mwenye shahada ya udaktari katika elimu ya wanyama, jambo la nadra sana kwa mwanamke wa kizazi chake. Seaton akaja Tanganyika na kufanya uwakili Moshi, siku ambazo mawakili weusi nchini walihesabika kwa vidole. Mjini humo alikuwapo pia Dudley Thompson wa Jamaika, ambaye baadaye alikwenda Kapenguria kumtetea Jomo Kenyatta.

Kesi iliyowaleta wazee wetu kwa Seaton inajulikana. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilimtuma Jaji Mark Wilson achunguze ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ilipendekeza eneo la kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la ufugaji wa Wazungu, na Wameru wa Ngare Nanyuki wahamishwe. Wameru walikataa. Novemba 1951 wakaletewa askari. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zikachomwa moto, na mifugo ikaswagwa kuelekea King'ori, kwenye joto na magonjwa ambayo ng'ombe wa juu hawakuyazoea. Mifugo mingi ilikufa. Tukiwa watu wa hesabu, tunajua kwamba fidia iliyowekwa mezani haikuwa na safu ya kuandika hasara ya namna hiyo, na wazee wetu walifanya vyema kutoikubali.

Hapo ndipo uwakili wa Seaton ulipoonekana. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1923, ardhi yote ya Tanganyika ilikuwa chini ya usimamizi wa Gavana. Kwenda mahakamani kulikuwa sawa na kumshtaki mwenye nyumba kwa mwenye nyumba. Lakini Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Katiba ya Umoja huo iliruhusu wenyeji wa nchi kama hizo kupeleka malalamiko yao moja kwa moja New York. Wakili mwingine angeweza kuandika barua chache kwa Mkuu wa Jimbo, akapokea ada yake, akafunga faili. Seaton aliipeleka kesi mahali ambapo Gavana naye angelazimika kujieleza.

Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa Wameru wenyewe. Watu walichanga, wengi wao wakulima wa kahawa na wafugaji waliokwisha kupoteza mengi, ili wakili na msemaji wao wavuke bahari. Hatutaji kiasi, lakini kila mwenye kadi ya mchango mkononi mwake leo afikirie nauli ya kwenda New York mwaka 1952 kwa bei ya kahawa ya wakati ule.

Julai 1952 kesi ilisikilizwa mbele ya Baraza la Udhamini. Kirilo Japhet alikuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Tanganyika kusema katika Umoja wa Mataifa. Baraza lilisikitika kwamba watu walihamishwa kwa nguvu, lakini halikuamuru warudishwe. Shauri likaendelea hadi Baraza Kuu. Desemba azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao lilikosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika, likaanguka.

Kwa hiyo kwenye karatasi Seaton alishindwa. Tunaliandika hilo bila kulipamba, maana tumesikia hotuba zinazosema Wameru walishinda New York, na si kweli. Kilichotokea ni kwamba serikali ilianikwa mbele ya dunia. Japhet aliporudi alizunguka nchini akieleza yaliyotokea, na watu wa mikoa mingine wakaona kwamba shauri la ardhi ya kabila moja ni shauri la nchi nzima. TANU ilizaliwa Julai 1954, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere naye alikwenda kusimama mbele ya Baraza lile lile. Ngare Nanyuki leo ni kata ya wilaya yetu, na wanaoilima ni watu wetu.

Baada ya uhuru Seaton alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, kisha jaji kwao Bermuda. Akiwa Jaji Mkuu wa Shelisheli ndiye aliyeendesha, mwaka 1982, kesi ya mamluki waliojaribu kuipindua serikali ya nchi hiyo. Wanne walihukumiwa kifo. Mwaka uliofuata wakasamehewa na kuachiwa. Baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Uganda. Alifariki mwaka 1992.

Mwaka 1967 yeye na Mzee Japhet walitoa kitabu kwa pamoja, The Meru Land Case, kilichochapishwa Nairobi. Nakala zake sasa ni adimu. Mwenye nayo nyumbani, iwe imechanika au imekosa jalada, tunamwomba aje nayo siku ya harambee tuitolee kopi kwa ajili ya shule zetu, kisha arudi nayo siku hiyo hiyo.