Vivien Thomas na Watoto wa Buluu

Bwana Vivien Thomas alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1910, katika jimbo la Louisiana, Marekani, akakulia Nashville. Baba yake alikuwa seremala, naye akaijifunza kazi hiyo angali mwanafunzi. Nia yake ilikuwa kuwa daktari. Akaweka fedha benki za kulipia chuo, lakini katika shida kubwa ya miaka ile benki ikafungwa, akiba yake yote ikapotea.

Mwaka 1930 aliajiriwa na daktari mpasuaji, Alfred Blalock, katika maabara ya chuo kikuu cha Vanderbilt. Alipasua wanyama, akapima damu na kuandika hesabu za majaribio. Lakini katika daftari la mishahara alihesabiwa mfagiaji, maana alikuwa mtu mweusi.

Mwaka 1941 Blalock alihamia hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akamchukua Thomas pamoja naye. Huko alikuwako Bibi Daktari Helen Taussig, mtaalamu wa mioyo ya watoto.

Wako watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo: njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba, na ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya chini una tundu. Basi damu ambayo haijapata oksijeni hupenya tunduni, ikaenda mwilini vivyo hivyo. Midomo na kucha za mtoto huwa za buluu. Kwa mtoto mweusi tazama ulimi na ufizi, ndipo utakapoiona rangi hiyo. Akitembea hatua chache huchuchumaa apate pumzi. Siku zile wengi walikufa wangali wadogo. Sasa, kipo kimshipa karibu na moyo ambacho kwa kawaida hujifunga mara baada ya kuzaliwa. Bibi Taussig aliona kwamba watoto wa buluu ambao kimshipa hicho kilibaki wazi walikuwa na afadhali. Akawaza kwamba huenda wengine wakatengenezewa kama hicho.

Thomas ndiye aliyetakiwa kuijaribu njia hiyo. Kwanza ilimbidi kuwafanya mbwa wapungukiwe na oksijeni kama watoto wale, kisha awatibu. Nao walikuwa wapatao 200. Mshipa uendao mkononi aliukata, akaugeuza na kuishona ncha yake ubavuni mwa mshipa wa mapafu, ili damu ipate kupita mapafuni tena. Vyombo vya kazi ndogo namna ile havikuwapo. Alirekebisha vilivyokuwapo, na sindano akazifupisha na kuzinoa mwenyewe. Useremala haukupotea bure.

Tarehe 29 Novemba, 1944, aliletwa mtoto wa kike wa miezi 15, ambaye uzito wake haukufika kilo 5. Blalock ndiye aliyeshika kisu, na Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega lake, akimwelekeza kila mshono. Mtoto akapata nafuu, ingawa alifariki miezi michache baadaye. Mwaka uliofuata mvulana mmoja alibadilika rangi pale pale mezani, midomo ikawa myekundu. Habari zikaenea, na wazazi wakaleta watoto kutoka mbali.

Taarifa iliyochapishwa mwaka 1945 ilikuwa na majina mawili tu, Blalock na Taussig. Na Thomas, aliyewafundisha wapasuaji mchana, mara nyingine jioni aliwamiminia vinywaji katika karamu za Blalock apate fedha za kutunza mke na watoto. Kwa maoni yangu hilo ni zito kuliko lile la jina.

Mwaka 1971 picha yake ilitundikwa hospitalini, na mwaka 1976 chuo kikamtunuku shahada ya heshima, tena ya sheria, si ya udaktari. Hapo akatiwa katika hesabu ya walimu wa upasuaji. Alifariki tarehe 26 Novemba, 1985.

Siku hizi watoto wengi wa namna hiyo hutengenezwa moyo wenyewe; lakini wachanga wengine bado huungwa mshipa kwa bomba dogo, kungoja wakue, na waandishi wengi wa tiba huutaja upasuaji huo kwa majina matatu: Blalock, Thomas na Taussig.