Carter G. Woodson na Asili ya Juma la Februari

Kila mwezi wa Februari uingiapo, shule, makanisa na vyuo vya Marekani huandaa mihadhara, maonyesho na michezo ya kuigiza kuhusu historia ya watu weusi. Walio wengi hudhani kwamba mwezi huo ulitolewa na serikali, na hawakosekani wanaonung'unika kuwa Mmarekani Mweusi alipunjwa kwa kupewa mwezi mfupi kuliko yote. Dhana zote mbili hazina mashiko. Aliyeiteua Februari ni mwana wa watu waliozaliwa utumwani, Carter Godwin Woodson, naye aliiteua baada ya kuipima vyema.

Woodson alizaliwa tarehe 19 Desemba 1875 huko New Canton, katika jimbo la Virginia, miaka 10 tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Familia yake ilikuwa fukara na shamba lilihitaji mikono, hivyo basi mtoto alihudhuria shule kwa miezi michache tu kila mwaka. Mengi aliyoyajua alijifundisha mwenyewe. Alipobaleghe, alikwenda West Virginia kuchimba makaa ya mawe.

Huko migodini ndiko kulikokuwa chuo chake cha kwanza. Mchimbaji mmoja, Oliver Jones, mkongwe wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, alikuwa ameigeuza nyumba yake kuwa baraza la wachimbaji weusi, mahali pa kula na kuzungumza. Jones hakujua kusoma, ila alinunua vitabu na magazeti. Woodson akawa msomaji wa baraza hilo, na ujira wake ukawa chakula. Wazee wale nao, wakiisha kusikia habari za siku, walisimulia yao: vita walivyopigana na utumwa walioupitia. Kijana akatambua kwamba mbele yake palikuwa na maktaba nzima ambayo hakuna aliyekuwa akiiandika, na kwamba kila mzee aliyezikwa alizikwa na juzuu yake.

Mwaka wa 1895, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alijiunga na shule ya upili ya Huntington iliyoitwa kwa jina la Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mnenaji mkuu wa weusi wa karne ya 19. Akaimaliza kwa muda usiozidi miaka miwili. Baada ya kusomesha kwa miaka kadhaa na kupata shahada katika chuo cha Berea, Kentucky, alipelekwa Ufilipino mwaka wa 1903 kuwa mwalimu chini ya utawala wa Marekani. Katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka wa 1933, The Mis-Education of the Negro, alisimulia jinsi walimu waliohitimu vyuo vikubwa walivyoshindwa huko, ilhali mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya bima, asiye na mafunzo ya ualimu, alifaulu. Siri yake ilikuwa nyepesi. Aliuacha mtofaa, ambao watoto hawakuwahi kuuona, akawaimbisha kuhusu mlomboy uliokuwa uani kwao, ndio huo mzambarau ujulikanao pwani ya Afrika Mashariki. Kadhalika, aliwafunza habari za José Rizal, shujaa wao, kabla ya George Washington. Yeyote aliyewahi kukaririshwa majira manne ya mwaka akiwa chini ya mwembe ataielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa.

Woodson alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1908, na ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1912. Alikuwa mweusi wa pili kuipata hapo, baada ya W.E.B. Du Bois. Hata hivyo, taaluma ya historia aliyohitimu haikuwa na nafasi kwa watu wake. Vitabu vya shule viliwataja weusi kama watumwa walioridhika na hali yao, au havikuwataja asilan. Kwa Woodson hili halikuwa suala la heshima pekee, kwani aliamini kwamba watu wasio na kumbukumbu zilizoandikwa wamo hatarini kufutika katika fikira za ulimwengu. Ndipo mwezi Septemba 1915, mjini Chicago, yeye na wenzake wachache walipoanzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi. Januari iliyofuata jarida la chama likatoka.

Jarida lilisomwa na wataalamu, lakini mtoto wa shule angefikiwaje? Jibu lake lilikuwa juma la historia, lililoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwezi Februari 1926. Hakuanzia jangwani. Tangu zamani weusi walikuwa wakiiadhimisha tarehe 12 Februari, siku aliyozaliwa Rais Abraham Lincoln. Tarehe 14 nayo ilikuwa ya Douglass, na tangu 1897 shule za weusi za jiji la Washington ziliienzi kwa juhudi za Mary Church Terrell. Kuna kinaya hapa: Douglass hakuijua siku yake ya kuzaliwa, kwa kuwa siku za kuzaliwa za watoto wa watumwa mara nyingi hazikuwekewa kumbukumbu, tarehe 14 alijichagulia mwenyewe. Sherehe ya historia iliyoandikwa ikaegemezwa kwenye siku ambayo haikuandikwa popote.

Busara ya Woodson ilikuwa kuichukua mila iliyokwisha kuota mizizi na kuigeuza maudhui. Hakutaka watu waendelee kuwasifu wanaume wawili tu. Alikumbusha kwamba Lincoln hakuukomesha utumwa peke yake, bali nyuma yake walikuwapo maelfu ya askari weusi. Walimu walitumiwa picha, tamthilia fupi na mapendekezo ya masomo, na maombi yakazidi uwezo wa ofisi yake. Hakuchelewa kuwakemea wachuuzi wa maneno waliolifanya juma hilo kitega uchumi. Kwake, lilikuwa siku za wanafunzi kuonyesha walichojifunza mwaka mzima, na alitumaini lingefika wakati lisihitajike tena.

Alikuwa mgumu wa kuambilika. Alidumu Chuo Kikuu cha Howard mwaka mmoja tu kwa kuzozana na rais wa chuo. Wakfu za matajiri wazungu zilipotaka chama kiwekwe chini ya chuo kikuu, alikataa, na fedha zao zikakauka. Chama kikaishi kwa michango midogo ya walimu na makanisa ya weusi. Hakuoa. Aliishi orofa ya juu ya nyumba iliyokuwa ofisi ya chama mjini Washington, na humo ndimo alimofia tarehe 3 Aprili 1950, akiwa na umri wa miaka 74, na kamusi elezo yake kuhusu Afrika na watu wa asili yake ikiwa haijakamilika.

Juma liliendelea kukua bila yeye. Wanafunzi na wahadhiri weusi wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, waliliadhimisha kwa mwezi mzima mwaka wa 1970, na mwaka wa 1976 Rais Gerald Ford akautambua mwezi huo rasmi. Uingereza ilipoanza kuadhimisha mwezi wake mwaka wa 1987, iliuweka Oktoba. Huko hapakuwa na Lincoln wala Douglass wa kuusubiri Februari.