Lovett Cameron: baharia aliyepima maji ya Lualaba pale Nyangwe

Kasongo na Kabambare, watu wakizungumzia wazungu wa kwanza waliofika Nyangwe, majina mawili ndiyo yanatangulia: Livingstone na Stanley. Livingstone alikuwa pale mwaka 1871, Stanley akafika mwaka 1876. Katikati yao alipita mwingine ambaye jina lake halisikiki sana siku hizi, ijapokuwa zamani alijulikana Ulaya nzima. Ni Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Alifika Nyangwe mwezi wa 8, mwaka 1874, akakaa wiki chache tu. Lakini katika wiki hizo alifanya kazi moja ambayo hakuna mgeni aliyeifanya vizuri mbele yake: alipima maji ya Lualaba, akatumia hesabu kujibu swali lililokuwa limewashinda wakubwa wa elimu ya dunia. Maji haya yote yanakwenda wapi?

Mtoto wa melini

Cameron alizaliwa tarehe 1 mwezi wa 7, mwaka 1844, huko Radipole, kijiji kilicho karibu na bahari kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa padri wa Kianglikana. Mwaka 1857, akiwa na miaka 13 tu, aliingia jeshi la majini. Elimu yake ilikuwa ile ya meli: kusoma nyota, kupima kina cha maji kwa kamba yenye risasi, kujua mwendo wa mkondo, kuchora ramani ya pwani. Mwaka 1868 alikuwa katika vita vya Waingereza huko Abisinia. Baadaye akatumika katika meli zilizokuwa zikifukuza majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Ni huko ndiko alikojifunza Kiswahili, tena ni huko alikoanza kuchukia biashara ya watu.

Mwaka 1872 Shirika la Jiografia la London lilikuwa linatafuta mtu wa kumpelekea Livingstone msaada. Yule mzee alikuwa bado anatembea barani, akitafuta chanzo cha mto Nili, na habari zake zilikuwa chache. Cameron akapewa kazi hiyo. Mkuu wa wapagazi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa kijana, akapelekwa India, halafu akarudi Afrika akiwa mtu huru. Bombay alikuwa amekwisha kusafiri na Burton, na Speke, na Stanley. Njia ya kutoka pwani mpaka Ujiji yeye aliijua kuliko mzungu yeyote.

Msafara uliopoteza watu

Waliondoka Bagamoyo mwezi wa 3, mwaka 1873. Wazungu walikuwa wanne. Robert Moffat, mtoto wa ndugu wa mke wa Livingstone, alikufa kwa homa kabla hawajafika mbali. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, homa iliwalaza wote, Cameron mwenyewe macho yakamuuma hata haoni vizuri. Mwezi wa 10, wakiwa palepale, ikafika habari iliyoivunja safari: Livingstone alikwisha kufa, huko kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Watu wake, Chuma na Susi pamoja na wenzao, walikuwa wanaubeba mwili wake mpaka pwani.

Msaada haukuwa tena na mwenyewe. Murphy alirudi pwani na ule mwili. Dillon, mganga wa msafara, alikuwa amechanganyikiwa kwa ugonjwa, akajipiga risasi njiani. Cameron alibaki mzungu peke yake, naye akachagua kuendelea. Mwezi wa 2, mwaka 1874, alifika Ujiji, akaokota karatasi ambazo Livingstone aliziacha pale. Halafu akapanda mtumbwi kuzunguka upande wa kusini wa ziwa Tanganyika, akichora pwani yake na kutafuta mahali maji yanapotokea.

Mwezi wa 5 alipapata: ni mto Lukuga, pale ilipo Kalemie ya leo. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na majani mengi, hata wengine wakakataa kuamini kama maji yanatoka pale. Lakini Cameron alisema kweli. Lukuga inatoka Tanganyika, inakwenda magharibi, inaingia Lualaba juu ya Kongolo. Kwa hiyo maji yanayopita mbele ya Nyangwe, sehemu yake yametoka ziwani, kama vile mengine yanavyoletwa na Luama kutoka upande wa Kabambare.

Kabambare mpaka Nyangwe

Cameron aliingia Maniema kwa miguu. Alipita Kabambare, mahali Livingstone alipolala miezi mingi mwaka 1870 miguu ikiwa na vidonda. Akafika kwenye Lualaba na kushuka mpaka Nyangwe.

Nyangwe wakati ule ilikuwa mji wa wafanya biashara waliotoka pwani, Waarabu na Waungwana, wenye bunduki, pembe za ndovu na watumwa. Soko lake lilikuwa kubwa: akina mama walifika kutoka pande mbili za mto na samaki, mihogo, mafuta ya mawese, vyungu na kuku. Miaka mitatu mbele ya Cameron, tarehe 15 mwezi wa 7, mwaka 1871, watu wenye bunduki walilipiga risasi soko hilo, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi au kwa kuzama. Livingstone aliyaona mauaji hayo kwa macho yake, akaondoka Nyangwe moyo umevunjika. Na swali lake la mto likabaki bila jibu.

Livingstone aliamini Lualaba ni Nili. Juu ya nini? Kwa sababu pale Nyangwe mto unaelekea kaskazini, na Nili iko kaskazini. Wengine walidhani ni mto Kongo, ule ambao mdomo wake ulijulikana baharini upande wa magharibi. Lakini hakuna aliyekuwa amefuata maji tangu huku mpaka kule. Yalikuwa mabishano ya watu waliokaa mbele ya ramani yenye nafasi nyeupe katikati.

Hesabu ya mto

Baharia huyu alifanya mambo mawili.

La kwanza, alipima urefu wa nchi juu ya bahari. Alitumia barometa, na tena alichemsha maji akisoma joto lake. Njia hii ni ya kweli: ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100. Katika nchi yenye kimo kama cha Nyangwe yanachemka karibu na digrii 98. Kwa hesabu yake, Lualaba pale Nyangwe ilikuwa chini kuliko Nili ilivyo Gondokoro, karibu na Juba ya leo. Na maji hayapandi mlima. Lakini vyombo vya namna hiyo vinaweza kukosea mita nyingi, kwa hiyo ushahidi huo peke yake haukutosha.

La pili lilikuwa na nguvu zaidi. Alihesabu maji yenyewe. Ukitaka kujua mto unabeba maji kiasi gani, unahitaji mambo matatu: upana wake, kina chake, na mwendo wa mkondo. Unazidisha upana kwa kina, unazidisha tena kwa mwendo, unapata maji yanayopita kila sekunde. Cameron alipata zaidi ya futi za ujazo 120,000 kwa sekunde, yaani karibu mita za ujazo 3,500. Tena ulikuwa mwezi wa 8, kiangazi, wakati mto umepungua. Nili ya Gondokoro ilikuwa imekwisha kupimwa, na maji ya Lualaba yalikuwa kama mara tano yake.

Jibu likawa wazi. Mto mkubwa hauwezi kuwa mwanzo wa mto ulio mdogo mara tano. Lualaba si Nili. Katika mito iliyojulikana upande ule wa Afrika, Kongo peke yake ndiyo ilikuwa na mdomo wa kutosha kutoa maji mengi hivyo baharini.

Alichopima na alichosikia

Cameron alitaka kushuka mto kwa mitumbwi ili aone kwa macho. Wenye mitumbwi walikuwa Wagenya, watu wa maji, na bila wao hakuna aliyeweza kusafiri mtoni. Lakini malipo yaliyotakiwa yalikuwa watumwa, wala si simbi na nguo. Cameron alikataa kununua watu.

Hapo akafika Nyangwe Hamed bin Muhammad, yule anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Alimpokea Cameron vizuri, akamvusha, akampeleka mpaka kambi yake ng'ambo. Cameron alikuwa amesikia kwa wasafiri habari za ziwa kubwa upande wa magharibi, Sankora, ambako eti wafanya biashara waliovaa suruali walifika kwa vyombo vya matanga. Alitaka kulifikia kwa kuvuka Lomami. Mtawala wa nchi ile akakataa: watu wenye bunduki hawatapita kwake ila kwa vita. Cameron angeweza kupigana, bunduki zilikuwako, lakini hakutaka kumwaga damu ya watu juu ya njia. Akageuka kusini.

Ziwa lile halikuonekana mpaka leo. Sankuru iko, lakini ni mto. Ndiyo tofauti kati ya kazi zake mbili: kile alichokipima Nyangwe kilisimama, kile alichokisikia tu kilifutwa kwenye ramani.

Akafika kwa Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba, ambaye wasomaji wasimchanganye na mji wa Kasongo wa Maniema. Huko alipokewa vizuri na Juma Merikani, mfanya biashara wa pwani, akangoja miezi mingi. Wakati huo aliona na ziwa Mohrya, ambako watu walijenga nyumba juu ya nguzo ndani ya maji. Lakini njia ya kwenda magharibi ilikuwa mikononi mwa José Antonio Alvez, mfanya biashara wa watumwa kutoka upande wa Angola. Mtu aliyekataa kulipa watumwa kwa mitumbwi ya Nyangwe, sasa alilazimika kutembea na msafara wa wanawake waliofungwa kamba, walionyakuliwa katika vijiji vilivyochomwa moto. Aliyaandika yote, lakini hakuweza kuwafungua.

Mwezi wa 11, mwaka 1875, alifika bahari ya Atlantiki huko Katombela, karibu na Benguela, akiwa karibu kufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Alikuwa mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya katikati kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi. Bombay na wenzake waliivuka pamoja naye.

Hesabu zikaingia mikono mingine

Mwaka 1876 Cameron alirudi kwao, akapandishwa cheo, akapewa medali ya dhahabu ya Shirika la Jiografia. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari yake. Akawaambia watu wa Ulaya juu ya utajiri wa nchi hii, na akapendekeza mfereji wa kuunganisha maji ya Kongo na yale ya Zambezi. Aliamini kwamba biashara ya vitu ikiingia, biashara ya watu itakufa. Aliwaomba Waingereza waitwae nchi, lakini serikali yao ilikataa.

Mwingine alisikiliza vizuri zaidi. Mwezi wa 9, mwaka 1876, mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwaita wasafiri na wataalamu Brussels, na Cameron alikuwa mmoja wa walioitwa. Mwezi uliofuata Stanley alifika Nyangwe, akapatana na Tippu Tip, akashuka mto. Mwezi wa 8, mwaka 1877, alitokea Boma. Hesabu ya Cameron ilikuwa sawasawa: Lualaba ndiyo Kongo. Mto uliokuwa swali ukawa barabara, na mwaka 1885 Leopold akawa mwenye nchi yote.

Mwezi wa 3, mwaka 1893, katika vita kati ya jeshi la Leopold na Waarabu, Nyangwe ilitekwa. Kasongo ikafuata mwezi wa 4. Ule mji wa soko kubwa haukusimama tena kama zamani. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa 3, mwaka 1894, Cameron alianguka kutoka juu ya farasi huko Uingereza akirudi kutoka kuwinda, akafa. Alikuwa na miaka 49.

Wagenya hawakuhitaji baharia wa Uingereza kuwaambia mto wao ni mkubwa. Walijua mkondo, mawe na vina vyake kuliko mtu yeyote. Lakini ujuzi wao haukuandikwa, na vipimo vya Cameron vilipoandikwa vilipelekwa London na Brussels, mipango ikafanywa huko bila wenye mto. Hata reli ya Kindu mpaka Kongolo, iliyomalizika mwaka 1911, ilijengwa kwa sababu wenye mipango walijua ni wapi mto unapitika na ni wapi maporomoko yanaufunga. Leo mtu akitaka kujenga daraja, kuweka kivuko au kupanga bandari ndogo juu ya Lualaba, bado ataanza na mambo matatu yaleyale: upana, kina na mwendo wa maji. Na mara hii vipimo hivyo vinaweza kuandikwa na kutunzwa palepale Nyangwe, mikononi mwa watu wanaoishi juu ya mto huo.